Bonasi na "sisi ni familia": jibu kwa kijana wa Langoni

Mdogo wangu wa Langoni, umeuliza kama ni kukosa adabu kutaka bonasi yako iandikwe vizuri kwenye mkataba, ilhali huyo bosi wa gemu amekulipia kozi, amekupa kompyuta, na kila siku anawaambia "sisi ni familia". Waliokujibu kabla yangu wanakwambia unyamaze, riziki haitaki kelele. Mimi nasema usinyamaze, maana haya yalinipata hapahapa Malindi.

Tulikuwa wanne, chumba cha ghorofani kule Barani, tunatengeneza gemu ya bao ya kuchezwa kwenye simu. Kampuni iliyotuajiri ndiyo ilikuwa na fedha na ndiyo ingeisambaza. Mshahara shilingi 28,000, mdogo kwa kazi ile, ila tuliahidiwa tutagawana asilimia 10 ya mapato ya miezi 3 ya mwanzo. Tukajituma. Mlio wa komwe, zile kete za bao, hatukuutoa mtandaoni. Tulikwenda usiku kwa mzee mmoja wa Shela, tuktuk zikiwa zimepungua barabarani, tukaweka simu chini ya ubao, naye akawa anasambaza kete shimo kwa shimo. Mwenzetu alitaka kurekodi nyumba, lile shimo kuu la ubao, ikiwa na komwe 2 tu, mzee akakataa katakata. Nyumba ina komwe 6, akasema, na mlio wake ni mzito. Mchezaji wa kweli atajua mmemdanganya. Tukarudia mpaka karibu na saa sita. Nakueleza haya ujue kwamba moyo tuliuweka, hakuna aliyekuwa akivizia mwisho wa mwezi.

Sasa, kwenye mkataba kulikuwa na sentensi moja: bonasi italipwa kwa mfanyakazi "ambaye angali kazini siku ya malipo". Niliisoma siku ya kutia sahihi, nikaipita. Gemu ikatoka, ikapendwa. Siku 9 kabla ya ile tarehe, watatu kati yetu tukapewa barua: mradi umekwisha, na mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Wa nne akabakizwa atengeneze toleo la pili, akalipwa fungu lake. Tulipompigia akasema sisi tulikuwa watu wa maswali mengi, hatukuwa waaminifu kwa kampuni. Tulikuwa tumekula naye sinia moja mwaka mzima. Neno hilo liliniuma kuliko ile barua.

Usidhani ni mambo ya kampuni ndogo za pwani. Kule Marekani, Infinity Ward, studio ya kutengeneza gemu, walitoa gemu ya vita Modern Warfare 2 Novemba 2009, na kufikia Januari 2010 mauzo yalikuwa yamepita dola bilioni 1. Machi 1, 2010 Activision, mmiliki na msambazaji, ikawafukuza wakuu wa studio, Jason West na Vince Zampella, ikidai wamekiuka mkataba na wamekuwa wakizungumza na mshindani. Wao wakashtaki kwamba wanafukuzwa ili wasilipwe haki zao. Mwezi uliofuata wafanyakazi 38 nao wakafungua kesi yao, wakisema bonasi zao zimezuiwa ili wasiondoke mpaka gemu inayofuata iishe. Angalia hapo vizuri. Fedha ya kazi iliyokwisha kufanywa ikageuzwa kamba ya kuwafungia kwenye kazi mpya. Mei 2012 kampuni ikawalipa dola milioni 42, na mwisho wa mwezi huohuo kesi zikamalizwa kwa mapatano ya siri. West na Zampella walikuwa tayari wana studio yao, Respawn, na wengi wa vijana wao waliwafuata huko.

Na Activision yenyewe ilizaliwa 1979 na watengeneza gemu wa kampuni ya Atari, akina David Crane, waliochoka kuona gemu zao zinaingiza mamilioni huku wao wakibaki na mshahara mtupu, hata majina yao hayawekwi kwenye boksi. Kwa hiyo atakayekwambia kudai ni tabia ya wasio na shukrani, mwambie hata kampuni kubwa kama hiyo ilianzishwa na watu waliodai.

Turudi kwako. Sentensi ya "angali kazini" ifutwe. Ikishindikana, iongezwe kwamba ukiachishwa bila kosa lako, fungu lako halipotei. Anayeshika tarehe ya malipo na barua ya kukuachisha kwa mkono mmoja, bonasi yako ameishika yeye. Halafu uliza: asilimia ya mapato yapi? Yetu ilihesabiwa baada ya kutoa gharama za matangazo, na gharama hizo waliziandika wao. Taka haki ya kuona taarifa ya mapato inayotoka kwenye duka la programu. Hakimiliki usiigombanie sana, kwa sheria ya Kenya kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa ni ya mwajiri, isipokuwa mmeandikiana vingine. Na wakikufukuza kwa madai ya utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinawataka wakueleze sababu kwanza na wakusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Sisi tulikwenda kwa afisa wa kazi. Alichouliza kwanza ni maandishi. Tulichokuwa nacho ni ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp, bosi anasema bonasi ni "jasho lenu nyote wanne". Huo ndio uliotuokoa. Baada ya miezi 7 tukalipwa nusu, tukakubali, maana mmoja wetu alikuwa na mtoto mchanga na kesi kwenye Mahakama ya Ajira ingechukua muda zaidi.

Bosi wako mshukuru kwa kozi na kompyuta, tena mshukuru kwa dhati, na siku hiyohiyo umpe mkataba arekebishe. Kabla ya hapo upige picha kurasa zote, ufiche majina, uziweke hapa. Nitazisoma kesho baada ya Isha.