Kiguu na njia anayeupenda mji wake

Kuna watu wa kukaa na kuna watu wa kwenda. Halafu tupo sisi ambao tukiwa nyumbani tunaulizia nauli, na tukiwa safarini tunafuatilia kama mvua imenyesha kule tulikotoka. Wahenga nao hawatusaidii: mkataa kwao mtumwa, lakini pia mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Wengi watakwambia uchague moja. Mimi sikwambii hivyo. Kabla ya kuwaza uende wapi, jiulize umechoshwa na nini. Katika mji wako unajulikana. Wewe ni mtoto wa fulani, umesoma na fulani, na ukikohoa jirani anataka kujua umeanza lini. Nilipojichunguza vizuri, sehemu kubwa ya hamu yangu ya safari ilikuwa hamu ya kupita mahali bila kusalimiwa kwa jina. Na upweke unaonishika ugenini ni jambo hilohilo lililogeuzwa: hakuna anayejua kwamba leo sina raha. Usiku, katika chumba cha kupanga, napapasa ukuta mzima kutafuta swichi ya taa. Kwangu mkono huenda wenyewe.

Kwa hiyo kama kiu yako ni ya kutojulikana, pengine wikendi moja upande wa pili wa mji itakutosha. Ikiwa ni kweli unataka kuiona dunia, nenda, ila kaa mahali pamoja mwezi mzima badala ya kurukaruka. Fua nguo huko, panga foleni huko, ikiwezekana uugue mafua hukohuko. Mji wa kigeni haumbembelezi mtu mwenye mafua, na hapo ndipo utajua kama unaupenda au ulipenda picha zake tu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alizaliwa katika mji wa Königsberg mwaka 1724, akafia hapohapo mwaka 1804, na katikati akafundisha jiografia ya dunia kwa miaka mingi bila kwenda mbali na mji huo. Mimi ningepasuka.

Anayenipa mawazo zaidi ni msafiri wa kale Ibn Battuta. Aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, kijana wa miaka 21 anayekwenda kuhiji, na njia ikamfikisha Kilwa na India. Habari za kifo cha baba yake alizipata Damascus, miaka mingi baada ya mazishi. Alipofika kwao mwaka 1349, mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa tauni miezi michache tu nyuma. Alizuru kaburi lake, na hakukaa sana kabla ya kuondoka tena.

Ndiyo maana safari zangu nazipanga kwa kuangalia kwanza umri wa watu wangu, ndipo msimu wa nauli nafuu. Milima itakungoja. Wazee wakiwa na nguvu, nenda mbali na ukae; wakianza kudhoofika, fupisha, na uondoke ukiwa na tarehe ya kurudi wanayoijua. Wapo wanaosema tarehe inaua ladha ya safari. Kwangu ndiyo inayoniwezesha kuifurahia.

Ukirudi, usitegemee kuulizwa mengi. Watakusikiliza dakika tano, kisha watakueleza nani kaoa na nani kahama. Wasikilize mpaka mwisho, maana hayo ndiyo yaliyokupita. Za safari mtafute msafiri mwenzako umsimulie.