Jibu: Je, mwimbaji asiyelia jukwaani anatuficha moyo wake?

Ndugu yangu, umeuliza kama Lokua Kanza, mwimbaji wetu wa Kongo, anatufungia moyo kwa sababu halii wala kupiga magoti jukwaani kama wengine. Mimi nasema hapana, na hapo sirudi nyuma.

Mtazame vizuri. Mtoto huyu wa Bukavu, aliyezaliwa hapa mwaka 1958, anakuja na gitaa lake. Sauti inapanda juu kabisa, nyembamba, karibu iwe pumzi tupu. Pale hana pa kujificha: hakuna sebene (lile gitaa la kasi la kuchezesha watu) la kumfunika, hakuna wacheza shoo mbele yake. Akitetereka kidogo tu, ukumbi mzima unasikia. Kwangu huo ndio uwazi.

Wanaopenda machozi siwakatalii. Lakini naimba kwaya huku Kadutu, hapa hapa Bukavu, na kwenye misa za wafu tunaliona: mtu akianza kulia, koo linabana, pumzi inakatika, ubeti unabaki kwa wenzake. Anayelia kweli hawezi kushika noti ndefu. Kwa hiyo yule ambaye machozi yanamtiririka huku sauti imenyooka, mimi namtazama mara mbili. (Simwiti mwongo, wapo wanaojizuia mpaka ubeti uishe.)

Anza na albamu yake ya 1993, ile yenye jina lake mwenyewe, halafu tafuta video zake za jukwaani. Usiangalie uso. Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari, kisha rudi hapa tuendelee kubishana.