Maswali ya Wasomaji: Nguo za Punguzo kwenye Maduka ya Kiwanda

Swali: Nilinunua shati kwenye duka la kiwanda la kampuni ninayoipenda. Ni jepesi kuliko mashati yao ninayoyajua, na hata lebo yake ni tofauti. Je, nimeuziwa bandia?

La, huenda si bandia. Maduka ya namna hii huuza nguo za aina tatu: mabaki ya msimu uliopita, nguo zenye dosari, na nguo zilizoshonwa tangu mwanzo kwa ajili ya duka la kiwanda lenyewe. Shati lako linaelekea kuwa la aina hii ya tatu. Kampuni hubana gharama mahali ambapo mnunuzi hatazami: kitambaa chepesi, koti lisilo na bitana, kifungo cha akiba kisichokuwepo, mistari ya mfukoni isiyokutana na ya kifuani.

Kuzitambua si kazi ngumu. Mabaki ya kweli huja yamepungukiwa: saizi mbili tatu tu, rangi moja. Ukikuta mtindo mmoja umepangwa rafu nzima, saizi zote na rangi zote, hayo si mabaki. Hapo bei iliyokatwa kwa mstari isikushughulishe, kwa sababu yawezekana nguo hiyo haikuwahi kuuzwa kwa bei hiyo popote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa kisheria kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Penye sheria kama hiyo, soma kibandiko chote. Kwingineko, jiulize tu kama ungeilipia bei unayotajiwa sasa endapo isingekuwa na kibandiko chekundu.

Swali: Bango lilisema punguzo la 50%, kisha 20% zaidi kaunta. Nilitegemea 70%, lakini hesabu haikufika huko.

Asilimia hizo hazijumlishwi. Nguo ya 100 hushuka hadi 50, halafu ile 20% hutolewa kwenye 50, unalipa 40. Punguzo lako ni 60%. Kama una pia kuponi ya kiasi maalumu, tuseme 10, omba itolewe mwisho: 100 ukitoa 20% kisha 10 unabaki na 70, lakini ukianza na 10 unalipa 72. Na zile za "nunua mbili, ya tatu bure", kwa kawaida ya bure ni ile ya bei ndogo kuliko zote, kwa hiyo zichague zenye bei zinazokaribiana.

Swali: Nguo zenye dosari zinanivutia kwa bei, lakini naogopa. Zipi nichukue na zipi niache?

Tofautisha dosari ya ushonaji na dosari ya ukataji. Kifungo kilichong'oka, pindo lililofumuka, mshono ulioachia bila kitambaa kuchanika: hayo fundi atayamaliza, ongeza tu malipo yake kwenye bei kabla ya kufurahi. Zipu pia hubadilishwa, ila kazi yake ni ghali zaidi. Ifungue na kuifunga mara tatu papo hapo.

Ukataji mbaya hauna dawa. Chukua suruali ya jinzi, ishike kiunoni kwa mikono miwili na uiache ining'inie. Mshono wa ubavuni unapaswa kushuka wima hadi chini. Ukiona unazunguka kuelekea mbele ya goti, ujue kitambaa kilikatwa bila kufuata uelekeo wa nyuzi, na kila ufuaji utauzidishia kupinda. Irudishe kwenye rafu hata ikiwa robo ya bei. Vivyo hivyo kwa mabega yasiyolingana na matundu kwenye nguo za kufuma, ambayo huendelea kufumuka.

Kisha kagua kwapa na msamba, maana ndiko nguo inakoachia kwanza. Vuta kitambaa taratibu pande zote mbili za mshono. Nyuzi zikijitokeza kama ngazi, mshono huo ni dhaifu. Kwenye shati, hesabu michomo ya sindano kwenye mshono ndani ya sentimita 2.5: ikiwa chini ya 8, tunashauri uliache. Mpira wa kiuno ukiuvuta ukasikia mlio wa kukatikakatika, umeshakauka. Nguo ya rangi iliyokoza, sugua upande wa ndani kwa leso nyeupe yenye unyevu. Leso ikipata rangi, nguo itachuja. Mwisho, isogeze penye mwanga wa mchana utazame mabega na mikunjo, kwani nguo zilizotundikwa dirishani hupauka hapo.

Swali: Kwa nini suruali mbili za saizi moja hazinikai sawa?

Vitambaa hukatwa vikiwa vimerundikwa tabaka nyingi, na tabaka za juu na za chini huweza kupishana. Pengine lebo ya saizi ndiyo iliyokosewa, na ndiyo sababu nguo ikafika hapo. Jaribu zote mbili. Penye foleni ndefu kwenye chumba cha kujaribia, tumia futi: nyumbani laza nguo inayokukaa vizuri, pima kwapa hadi kwapa, kiuno, na urefu wa ndani wa mguu, uandike. Pamba ambayo haikufuliwa kiwandani huweza kurudi kwa 3% hadi 5%, maana yake mguu wa sentimita 80 hupoteza kati ya 2.4 na 4. Usiupunguze kabla ya kuifua.

Swali: Niende siku gani?

Siku ya kwanza ya punguzo kama saizi yako ni adimu, siku zake za mwisho kama unasaka bei. Asubuhi za katikati ya juma kuna nafasi. Uliza kuhusu kurudisha kabla ya kulipa, kwa kuwa bidhaa za punguzo la mwisho mara nyingi hazipokelewi tena. Zinazorudishika, zijaribu nyumbani siku hiyohiyo, lebo zikiwa bado zinaning'inia na risiti ikiwa mkononi.