Chui milia, simba marara au taiga?

Swali la leo limetoka kwa mwanafunzi wa darasa la sita, Mbagala. Ameliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha na kunitumia. Nalinakili kama lilivyo:

“Shikamoo Mwalimu. Shuleni tuliambiwa tuandike insha kuhusu mnyama anayetuvutia. Mimi niliandika kuhusu yule aliyepo kwenye blanketi letu, mkubwa, wa rangi ya chungwa na mistari nyeusi. Kichwa cha insha nikaweka ‘Chui’. Nikaanza hivi: ‘Machui mlia yanaishi Afrika na Asia na kila moja lina mlia.’ Rafiki yangu kasema anaitwa simba marara. Kaka yangu kasema ni taiga, basi. Jina lipi ni sahihi? Na mnyama huyu ana nini hasa, mbona anavutia hivi?”

Marahaba, mwanangu. Blanketi hilo nalijua. Majuzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mbele ya duka ambalo mablanketi ya aina hiyo yametundikwa kuanzia darini hadi chini. Muuzaji akaniambia, “Mzee, chukua hili la simba, zito hili.” Mama aliyesimama pembeni yangu akadakia, “Hilo la chui nishushie mimi.” Walikuwa wanazungumzia blanketi lile lile, na mnyama wa pale hakuwa simba wala chui. Blanketi likashushwa, mama akalipa, wakaagana vizuri. Hawakukosana kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho yao. Kwenye insha huna nafasi hiyo. Anayekusoma hana blanketi, ana neno lako tu.

Basi nianze na jibu. Andika chui milia. Simba marara si kosa, na rafiki yako asikatwe alama kwa kuliandika. Taiga ni Kiingereza kilichovikwa matamshi yetu. Mtaani kinaeleweka, lakini kwenye insha ya Kiswahili hakuna sababu ya kukikimbilia ilhali tuna maneno yetu. Kosa ni kusema chui na kuishia hapo.

Chui tunaye. Yupo Mikumi, yupo Serengeti, ana madoa yaliyojikusanya kama maua mwilini, na akiua swala humpandisha juu ya mti akamlie huko. Ukiandika “chui” bila neno jingine, msomaji wa Tanzania anamwona huyo. Na tazama jambo hili lilivyokupata wewe mwenyewe: ulimwita mnyama wako chui, ukajikuta unamleta Afrika. Jina lilikuvuta mkono. Chui milia hapatikani katika pori lolote la Afrika. Barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya Mikumi. Ukiwa dirishani kwenye basi utaona twiga, punda milia, nyati, na ukibahatika simba, lakini huyu hutamwona hata upite mara 100. Kwao ni Asia: India, Nepal, Bhutan, Bangladesh, Thailand, Malaysia, kisiwa cha Sumatra huko Indonesia, na upande wa mashariki wa Urusi, anakotembea juu ya theluji.

Kwa kuwa hakuwa jirani yetu, wazee wetu hawakumpa jina lake peke yake. Kiswahili kinapokutana na mgeni wa namna hii huchukua jina la anayefanana naye kidogo, kisha huongeza neno la kumtofautisha. Bata mzinga si bata. Bata bukini ametajwa kwa nchi, maana Bukini ni jina letu la zamani la Madagascar. Hata wa hapa hapa kwetu tumewafanyia hivyo: simbamangu si simba, ni paka wa porini mwenye vishungi virefu masikioni. Na punda milia, ambaye mtoto yeyote wa chekechea anamjua, amepata jina kwa njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo ninapoegemea chui milia. Neno milia halihitaji kufafanuliwa. Una shati la milia, pazia la milia, umemwona punda milia kitabuni. Ukimwambia mtu “chui milia” ambaye hajawahi kumwona, atachora picha kichwani na itakaribiana na ukweli. Marara nalo ni neno zuri na la zamani, lenye maana ya rangi zilizochanganyika kwenye mwili wa mnyama, michirizi au mabaka. Lakini siku hizi halitembei peke yake. Niliwauliza watoto watano wa mtaani kwangu marara ni nini. Wanne walinyamaza. Wa tano, binti wa darasa la nne, akasema ni kwa sababu anararua nyama. Maana ya neno si hiyo, ila nilifurahi kumsikia mtoto akilifikiria neno badala ya kulimeza tu.

Kuna wanaosema lazima awe simba kwa sababu ya ukubwa, na wanaosema lazima awe chui kwa sababu ya umbo. Ukienda kwa wataalamu wa wanyama, hakuna upande unaoshinda. Simba, chui, chui milia, chui theluji na jagwa wa Amerika ni jamii moja, na wote wanabeba jina moja la kisayansi, Panthera. Aliye karibu zaidi na chui milia kwa nasaba ni chui theluji, yule mweupeupe wa milima ya Asia. Simba na chui wako karibu wao kwa wao kuliko walivyo karibu naye.

Wala si sisi tu tunaochanganya. India, ambako majahazi ya kwetu yamekwenda na kurudi kwa karne nyingi, wana wanyama wote watatu: simba wapo msitu wa Gir, Gujarat, na chui na chui milia wapo sehemu nyingi. Hata hivyo kwa Kihindi neno sher humhusu simba na vilevile chui milia, ingawa huyu wa pili ana jina lake pia, bagh. Ndiye mnyama wa taifa la India tangu mwaka 1973. Kabla yake alikuwa simba.

Sasa tuje kwenye milia yenyewe, maana sentensi yako imejikwaa hapo. Mlia ni mmoja, milia ni mingi: mlia mweusi, milia myeusi. (Na mistari ni myeusi pia, si nyeusi, kwa kuwa ni ngeli hiyo hiyo.) Kwenye jina la mnyama tunasema milia siku zote, hata akiwa mmoja, kwa kuwa huyo mmoja ana milia mingi. Chui milia mmoja, chui milia wawili. Ukisema “chui mlia”, masikio yangu yanasikia chui anayelia, kama tunavyosema mlia ngoa kwa mtu mwenye wivu. Na chui hafanyi “machui”. Najua uwanjani mnasema masimba, machui, na mkiwa mnacheza sina neno. Kwenye daftari, mnyama huingia ngeli ya watu: chui huyu, chui hawa, wanaishi, kila mmoja ana.

Milia hiyo ina mambo. Hakuna chui milia wawili wenye milia inayolingana. Ni kama alama za vidole gumba ambazo mzazi wako aliziweka alipokuwa anasajili laini ya simu. Wanaowahesabu porini hutega kamera kwenye njia zao, kisha hulinganisha picha mlia kwa mlia, na hivyo hujua kuwa huyu wa leo si yule wa jana. Tena haiko kwenye manyoya peke yake. Ukimnyoa, ngozi nayo utaikuta na milia. Wewe uliyemwita chui ukitafuta doa mwilini mwake utalipata, lakini nyuma ya masikio: kila sikio lina doa moja jeupe.

Rangi ya chungwa uliyoitaja imenikumbusha machungwa ya Muheza. Yakiletwa hapa Dar na kupangwa kwenye matoroli, mengi ganda lake ni la kijani, na ukilimenya ni tamu limeiva. Kuna wanyama wanaomwona chui milia hivyo hivyo. Wengi wa wanyama wenye kwato anaowawinda hawatofautishi vizuri rangi ya chungwa na kijani. Wewe unamwona anawaka kama moto katikati ya majani. Wao wanaona majani na vivuli. Milia inavunjavunja umbo lake, rangi inapotea, na mnyama wa kilo 200 anakuwa hayupo. Dume mkubwa anaweza kufika hata kilo 300, yaani mifuko 6 ya saruji, na bado akapita bila kuonekana.

Akiwinda, anatufundisha vitenzi. Huanza kwa kunyata: anainua mguu na kuutua polepole, kucha zikiwa zimerudi ndani ya vidole ili majani yasilie. Akishamwona anayemtaka, hanyati tena hewani, anamnyatia huyo. Kiambishi hicho kidogo cha i kinasema kuna mlengwa. Kunyemelea ni hivyo hivyo, ila kuna ujanja zaidi ndani yake, kusogea kwa kificho hadi karibu kabisa. Akijibanza na kungoja, anavizia. Kisha huruka, na kwa kuwa anamwendea fulani, humrukia. Mara nyingi hukosa. Hurudi kunyata upya, peke yake, kwa sababu chui milia mzima hawindi kwa kundi. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Walimtaja simba kwa kuwa ndiye waliyemjua, lakini simba wana ukoo wa kuwasaidia. Mimi nikiisikia methali hiyo siku hizi namwona huyu.

Mtoto wake usimwite shibli, hilo ni la mtoto wa simba. Sema mtoto wa chui milia, inatosha. Kwa kawaida huzaliwa wawili hadi wanne, macho yakiwa yamefumba, na hukaa na mama yao kwa takribani miaka miwili wakijifunza vitenzi vile vyote nilivyokutajia.

Tena anapenda maji. Paka wa nyumbani kwenu ukimmwagia tone moja atahama chumba, lakini huyu joto likizidi hujitumbukiza kwenye dimbwi na kukaa humo, kichwa tu kikiwa nje. Anaogelea vizuri sana. Kati ya India na Bangladesh kuna msitu unaitwa Sundarbans, na ni msitu wa mikoko. Unaijua mikoko: ile miti yenye mizizi ya kusimama matopeni unayoiona ukipita Daraja la Selander maji yakiwa yamekupwa. Fikiria mikoko ya namna hiyo imeenea mpaka macho yanachoka, na chui milia anavuka mkondo wa maji ya chumvi kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mimi nilipolijua hilo ndipo nilipoacha kumwona kama mnyama wa mbali.

Na hawako wengi. Porini duniani kote wanakadiriwa kati ya 3,726 na 5,578, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2022. Wa kisiwa cha Bali na wa Java wamekwisha kabisa. Waliwindwa, misitu yao ikakatwa, na ngozi na mifupa yao bado ina wanunuzi wa magendo. India ndiyo yenye wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na huko idadi imekuwa ikipanda kwa sababu wameamua kuwalinda. Ukipanua insha yako, weka aya hiyo. Inastahili nafasi kuliko urefu wa meno.

Sentensi yako ya kwanza nimeigusa kidogo tu, iliyobaki ni yako: “Chui milia wanaishi porini Asia, na kila mmoja ana milia yake.” Kwenye kichwa cha insha ongeza neno moja.