Maswali ya Wasomaji: Nani Anayezivuta Nyuzi?

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa ufupi Master of Puppets (yaani Bwana wa Vikaragosi), albamu ya Metallica, bendi ya Kimarekani ya hevi metali, muziki mzito wa magitaa ya umeme, iliyotoka Machi 1986, na wasomaji wametuletea mabishano yao. Tumechagua barua tatu.

*Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Sisi ni vijana wa maskani moja hapa Wete tunaosikiliza hevi metali, na tumegawanyika kuhusu albamu hiyo. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba ni kelele zilizopangwa vizuri, na kwamba maneno yake hayana kazi zaidi ya kutisha. Mimi naona nyimbo zake zinazungumzia jambo moja, ingawa nikitakiwa nilitaje nashindwa. Mjomba wangu naye anasema ni muziki wa kumsifu shetani, na kwake mjadala umekwisha. Tuamulie. (Msomaji, Wete)*

Wa alaykumu salaam. Katika shauri hili nasimama upande wako, na jambo unalolitafuta ni utawala: nani anaamrisha, nani anatii, na yule anayetii anaishia wapi. Jalada lililochorwa na Don Brautigam linalisema hilo kabla ya wimbo wa kwanza kuanza, kwani linaonyesha uwanja wa makaburi wenye misalaba myeupe iliyofungwa nyuzi, na nyuzi hizo zinapanda hadi kwenye mikono miwili iliyotokeza katika mbingu nyekundu.

Sikilizeni kwa utulivu wimbo unaobeba jina la albamu, ambao ni wa dakika nane na nusu. Anayezungumza katika sehemu kubwa ya wimbo si mlevi wala mtu anayemwonya mlevi, bali ni dawa za kulevya zenyewe, zikimwambia mtumiaji kwamba maisha yake sasa yako mikononi mwao. James Hetfield, mwimbaji wa bendi, amewahi kueleza kuwa wimbo huo unahusu namna mambo yanavyogeuka, ikawa mtu aliyedhani anazitawala dawa ndiye anayetawaliwa nazo. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kufafanuliwa sana hapo, kwa sababu anajua unga umefanya nini katika mitaa yetu, na kijana aliyepitia arosto, yale maumivu ya kuikosa dawa, angeielewa amri hiyo upesi kuliko mchambuzi yeyote wa muziki. Katikati ya wimbo magitaa yanapoa na kuwa laini kwa muda, kisha uzito unarejea, na hapo ndipo mtumiaji anapopata nafasi ya kumjibu bwana wake: anauliza ndoto alizoahidiwa ziko wapi, na anakiri kwamba alichopewa ni uongo. Hajibiwi. Kiitikio kinarudi na amri zake, na wimbo unamalizika kwa kicheko.

Ndiyo maana hoja ya kelele hainishawishi. Hetfield anazipiga nyuzi za gitaa kwa mkono unaoshuka tu, bila ya kutumia mpigo wa kupanda ambao ungempunguzia kazi, na anafanya hivyo kwa kasi inayowachosha wapigaji wengi wa gitaa. Matokeo yake ni sauti kavu, iliyonyooka, isiyompa msikilizaji pumzi, na sauti ya namna hiyo inafaa kabisa kwa wimbo ambao msemaji wake ni mtawala asiye na huruma. Ungeupiga kwa ulaini, maneno yangebaki kuwa mawaidha.

Hata hivyo, kwa maoni yangu wimbo bora wa albamu ni Disposable Heroes, ambao haupewi sifa unazostahili. Humo zinasikika sauti mbili, ya askari kijana anayeuliza kwa nini anakufa na ya mkubwa wake anayemwambia kwamba atatenda atakaloambiwa, wakati atakapoambiwa, na atakufa vilevile kwa amri. Kijana huyo ana umri wa miaka 21 na ni mtoto pekee wa kiume, maelezo mawili mafupi ambayo yanamtoa katika kundi la wanajeshi wasio na majina na kumrudisha nyumbani kwao. Welcome Home (Sanitarium) una shabaha hiyohiyo, ila bwana wa safari hii ni hospitali ya wagonjwa wa akili, na anayesimulia ni mgonjwa anayeamini kwamba wanaomtibu ndio wanaomharibu.

Mjomba wako apewe heshima yake, lakini hakuna wimbo humu unaomsifu shetani. Leper Messiah unawashambulia wahubiri wa televisheni wanaowataka waumini watume fedha ili waingie peponi, na nadhani mjomba mwenyewe akitafsiriwa beti zake atatikisa kichwa kwa kukubali. Wenzako, kwa upande wao, wana haki katika wimbo mmoja: The Thing That Should Not Be, uliotokana na hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft kuhusu majitu ya baharini, kazi yake ni kutisha kweli, na hauna nafasi iliyo wazi katika mlolongo huu. Mimi huuruka.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi si mgeni wa muziki huu, na nasema bila ya kificho kwamba Ride the Lightning ya mwaka 1984 ni bora. Master of Puppets imenakili mpango wake. Isitoshe, umaarufu wake umetokana na huzuni ya kifo cha Cliff Burton, mpigaji wa gitaa la besi wa bendi hiyo. (Msomaji, Mji Mkongwe, Unguja)*

Kuhusu mpango huna wa kukupinga. Albamu zote mbili zina nyimbo nane, zilirekodiwa katika studio ya Sweet Silence mjini Copenhagen pamoja na mtayarishaji Flemming Rasmussen, zinafunguliwa kwa gitaa laini linalofuatwa na wimbo wa kasi, zinaweka wimbo wenye jina la albamu katika nafasi ya pili na wimbo wa polepole katika nafasi ya nne. Hiyo si bahati. Lakini anayefuata ramani ileile huenda akafika mbali zaidi: Ride the Lightning inakitazama kifo kinavyomfikia mtu, kwa kiti cha umeme, kwa vita au kwa mkono wake mwenyewe, ilhali albamu iliyofuata inamtafuta aliyekituma. Kwangu mimi swali hili la pili ni zito zaidi, ingawa nakubali kwamba ya kwanza ina nyimbo tamu za kuimba.

Kuhusu Burton, alifariki tarehe 27 Septemba 1986, akiwa na umri wa miaka 24, basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden. Bila ya shaka msiba ule umeongeza uzito katika masikio ya mashabiki. Hata hivyo, albamu ilikwisha kufika nafasi ya 29 katika chati ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani kabla ya hapo, na ilifika bila ya video, kwani Metallica hawakuwa na video ya wimbo hadi One mwaka 1989. Wasikilizaji wale walikuja kwa muziki. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitangaza kuwa miongoni mwa rekodi zinazostahili kuhifadhiwa, ikiwa ya kwanza ya hevi metali kupata nafasi hiyo.

*Mhariri, wimbo wa Orion hauna maneno. Sasa utaingiaje katika mada ya albamu, au ni wimbo ambao haukumalizwa? (Msomaji, Mkoani)*

Umemalizwa kabisa. Msikilizaji wa taarab anapaswa kuwa wa mwisho kulalamika, maana sisi hukaa na kulisikiliza bashrafu kwa raha kabla ya mwimbaji kusimama, na hakuna anayeuliza maneno yako wapi. Tofauti ni kwamba bashrafu hutufungulia usiku, ilhali Orion umewekwa wa saba, baada ya nyimbo sita, nyingi zake za amri na utiifu, na mimi nauchukulia kuwa ndiyo sehemu pekee ya albamu ambayo hakuna anayemwamuru mtu. Sauti nzito zinazouanzisha, ambazo wengi hudhani ni za kinanda, ni besi ya Burton iliyopitishwa katika vifaa vya kuibadilisha. Karibu na nusu ya wimbo vyombo vinanyamaza na besi inaanza upya, polepole, na magitaa yanaifuata badala ya kuiongoza. Usiusikilize kwa spika ya simu, kwa sababu sehemu hiyo yote itapotea. Tafuta hedifoni nzuri, hata za kuazima.