Maswali na Majibu: Mti wa Asili, Lakini wa Wapi?

Nilileta mbegu za mbuyu kutoka Dodoma nikazipanda Lushoto. Miche imedumaa. Je, tatizo ni udongo?

Ningeishuku baridi kabla ya udongo. Mbuyu ni mti wa joto na kiangazi kirefu: shina lake laini huhifadhi maji, nao hupukutisha majani mvua zinapokatika ili usiyapoteze. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake wa Juni na Julai si hali ambayo mche mchanga wa mbuyu huistahimili. Huhitaji kurudi Dodoma kuithibitisha tofauti hiyo. Teremka kupitia Soni hadi Mombo, mwendo usiofika kilomita 40, nawe utaikuta mibuyu imenawiri tambarare. Bustanini kwako afadhali mkulo, ambao ni mti wa milima hiyohiyo, ijapokuwa utakudai subira.

Huku Tabora miti ya miombo huchipua Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa. Maji huyatoa wapi?

Huyatoa kwenye akiba iliyomo shinani na kwenye tabaka za chini za udongo, ambako mizizi yake mirefu hufika. Tazama mtundu: majani yake machanga hutoka na wekundu wa shaba, kisha hugeuka kijani polepole, hivi kwamba mvua za Novemba zinapoanza mti huwa tayari kutumia kila siku ya msimu. Mkakati huo unafaa mahali penye msimu mmoja wa mvua unaotabirika.

Ipo hata aina ya mgunga inayofanya kinyume chake, ile yenye maganda ya rangi ya machungwa yaliyojikunja. Hiyo hupukutisha majani wakati wa masika na kubaki kijani kiangazi, kwa kuwa mizizi yake hufuata maji yaliyo chini sana. Mkulima aliyeiacha shambani hupata faida mara mbili, maana mahindi yaliyo chini yake hayanyimwi jua na majani yaliyoanguka huyarutubisha, huku mifugo ikila maganda wakati malisho yameadimika. Nashangaa kwamba bado tunaing'oa.

Majani ya mchu kwenye mikoko ya Rufiji yana chembe nyeupe. Ni ugonjwa?

Hapana, ni chumvi. Ukilamba jani utaionja. Mchu hunyonya maji yenye chumvi, kisha huitoa ziada kupitia vitundu vidogo vya majani.

Je, mwarobaini ni mti wa asili wa Dodoma?

Hapana. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, ingawa umezoea ukame wetu vizuri sana. Anayetaka kivuli cha mti wa asili huko apande mkwaju, akiuzungushia miiba miaka ya mwanzo ili mbuzi wasiumalize.