Pa Kusimama Kati ya Dodoma na Babati Ukiwa na Watoto

Barabara ya Dodoma kwenda Babati ni lami mwanzo hadi mwisho, kilometa 250 hivi, na uzuri huo ndio unaoharibu safari nyingi za likizo. Dereva anakanyaga mafuta, watoto wanalala, wanaamka Babati wakidai soda. Huku nyuma wamepita vitu ambavyo wageni hupanda ndege kuja kuviona.

Panga kwa saa, si kwa kilometa. Siku moja yenye watoto inabeba kituo kimoja kikubwa cha saa tatu au nne, na viwili vidogo vya dakika 20. Ukichomeka cha tatu utaingia usiku, na usiku barabara hii ina ng'ombe, punda, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyokufa njiani yakiwa yamewekewa matawi tu nyuma.

Kituo kikubwa kiwe Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, lakini wengi hukata kona kuingia Kondoa mjini wakidhani iko huko. Sivyo. Pita Kondoa, endelea kaskazini kilometa 20 na ushee hadi kijiji cha Kolo. Ofisi ya malikale iko hapo hapo barabarani. Unaandikishwa, unalipa, unapewa mwongozaji. Usijaribu kwenda peke yako kwa kufuata ramani ya simu: njia za mbuzi na njia za gari kwenye simu zinafanana, na mapango hayana bango la kukuongoza hadi mlangoni.

Kutoka ofisini hadi chini ya mlima ni kama kilometa 10 za vumbi na mawe, kisha mnapanda kwa miguu, na mwisho pana mwinuko mkali. Gari la chini litagonga tumbo. Ondoka Dodoma saa 12 asubuhi ufike Kolo saa 3. Saa 7 mchana mtakuwa mmeshuka, kabla uchovu wa watoto haujageuka ugomvi. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, chapati na mayai ya kuchemsha. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa ajili ya miiba. Manukato yaache nyumbani, na watoto wasirushe mawe kwenye mipasuko: nyuki hukaa humo, na ukiwa juu ya mwamba huna pa kukimbilia.

Mpe mtoto kazi kabla ya kufika. Atafute twiga, tembo, na watu wembamba wenye nywele kubwa za duara, wote wa rangi nyekundu. Bila kazi hiyo ataona ukuta wenye madoa na kuuliza mnaondoka saa ngapi. Mweleze pia kwamba michoro myekundu ni ya wawindaji wa kale, na ile minene myeupe ilikuja baadaye, enzi za wakulima. Asiguse. Na mtu yeyote asimwagie maji ili picha ing'ae. Wapo waliofanya hivyo miaka iliyopita, na kila ndoo iliosha rangi na kuacha utando. Mungomi wa Kolo, moja ya mapango hayo, bado ni mahali pa matambiko, kwa hiyo ukikuta vitu vimewekwa chini, viache vilivyo.

Mwenye watoto wa chini ya miaka sita au bibi mwenye magoti yanayouma asipande Kolo. Amwombe mwongozaji ampeleke kijiji cha Pahi, kwenye miamba ya Lusangi. Gari linasogea karibu, na michoro myeupe huko inaonekana vizuri.

Vituo vidogo havihitaji tiketi. Ukiondoka Jumamosi, pitia mnada wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma, ingawa hapo usikae zaidi ya dakika 20 au ratiba ya Kolo imekufa. Makorongo ya mchanga ni uwanja mzuri wa kuchezea Juni na Julai yakiwa makavu, ila wasichezee vile visima vilivyochimbwa mchangani: watu wanakunywa humo. Desemba usishuke korongoni kabisa. Mvua ikinyesha milimani, maji hukufikia huku juu yako jua linawaka.

Mengine utayapata kwa kuuliza, na hapa maswali yana ufundi. Ukimuuliza mtu "ni mbali?" atakujibu "hapo tu", na hapo tu inaweza kuwa kilometa 15. Uliza bodaboda anachukua shilingi ngapi mpaka huko, bei haidanganyi. Badala ya kuuliza kama njia ni nzuri, uliza "Noah inafika?", ile gari ndogo ya abiria. Na kijijini swali bora ni hili: watoto wa shule hapa hupelekwa wapi kutembea?

Njia nyingine za Dodoma zina vyake. Kwenda Iringa, simama kwenye bwawa la Mtera ule samaki wa kukaanga, watoto wakae mbali na maji kwa sababu ya mamba na viboko, na uwaulize walinzi kabla ya kupiga picha bwawa. Kwenda Morogoro, kata kona Mbande uingie Kongwa: hapo ndipo Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 na kuuacha 1951, na kuanzia 1964 pakawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kwenda Singida, Sukamahela panatajwa kuwa katikati ya Tanzania. Ni picha moja na safari inaendelea.

Kuhusu gari: jaza mafuta Kondoa, usitegemee vijijini. Miiba ya migunga hutoboa tairi taratibu, hivyo kagua upepo baada ya kila njia ya vumbi, kabla hujarudi kwenye mwendo wa lami. Tairi la akiba lijazwe Dodoma, na jeki ijaribiwe nyumbani. Vijijini shuka hadi 50 bango linapoanza, maana trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hukaa mwisho wa kijiji, pale dereva anapodhani ameshatoka.